Nyavu kuukuu ya dagaa, kila mtu afunge kitu chake: naombeni mawazo

BintiMwanga: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nimepata nyavu ya dagaa iliyochakaa pale mwalo wa Kibirizi, nataka niitundike mahali watu wanapita halafu kila mmoja afunge kitu chake cha kila siku, kandambili iliyokatika, kipande cha kanga, kizibo cha dumu la mawese, chochote tu. Mwaka jana nilijaribu kazi ya sanaa kama hii sehemu fulani na vijiko, watu wakasimama mbali wanaangalia, hakuna aliyegusa, asubuhi vijiko vitatu havipo. Iliniuma kwa kweli. Nifanyeje?

Msafiri77: Pole dada. Hilo la vijiko lisikuvunje moyo. Felix Gonzalez-Torres, msanii mzaliwa wa Cuba aliyefanyia kazi Marekani, mwaka 1991 alirundika pipi kwenye kona, kama kilo 79 hivi, kwa ajili ya mwenzi wake Ross aliyefariki kwa ukimwi mwaka huohuo. Ukipita unaruhusiwa kuchukua, rundo linapungua kama mgonjwa anavyokonda, kisha linaweza kujazwa tena. Kule kuchukua ndiyo kazi yenyewe.

MamaTumaini: Swali langu, ulikuwepo mwenyewe? Msanii Lee Mingwei wa Taiwan ana kazi aliyoanza 2009, anakaa mezani, unampelekea nguo iliyochanika anaishona huku mnapiga stori, tena kwa uzi wa rangi ya kuonekana, hafichi kiraka. Akimaliza uzi haukatwi, nguo inabaki mezani imeshikana na vigurudumu vya nyuzi vilivyojaa ukutani. Mtu hawezi kukaa mbali na anayemshonea shati.

MtotoWaMvuvi: Mama kasema kweli. Mzee wangu alikuwa akishona nyavu, sindano mkononi, uzi anaukata kwa meno, sisi watoto akituona anasema shika hapa kaza, basi unajikuta umekaa mpaka jua linazama. Tafuta mzee mmoja aanze kuziba matundu kwenye hiyo nyavu yako mbele za watu, yeye ndo atawaita. Na usifanye siku za giza, usiku usio na mwezi, wavuvi wote wako ziwani wanavua dagaa kwa taa, subiri mbalamwezi ikiwa kubwa, hapo taa hazivuti dagaa na mwaloni panajaa watu.

BintiMwanga: Asanteni sana jamani. Nasubiri mbalamwezi. Na vijiko naleta tena, akifunga chake achukue kimoja aende nacho nyumbani.