Tupeane uzoefu: alminiamu nyembamba na mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa sindano ya tangisteni na gesi), nani hajatoboa kazi ya mteja?

MtoboaBati: Wakuu, jana nimepita karakana moja nikamkuta dogo ameinamia bati la alminiamu, anatazama tundu la ukubwa wa shilingi mia, tochi ya kuchomelea bado mkononi. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Lile tundu nalijua.

Nilitoka kwenye mageti na madirisha, miaka sita ya kuchomelea chuma kwa stiki, najiona fundi kamili. Bosi akanipa boksi la milimita 1.2: "Funga hiyo kona, mteja anakuja saa kumi." Nikawasha moto, nikasubiri bati liwe jekundu kama chuma. Haliwi! Linang'aa tu, kumbe chini ya utando wa oksidi limeshakuwa uji. Nikaongeza ampea. Uso ukajikunja kama utando wa maziwa, ukazama, kona nzima ikadondokea kwenye kiatu. Nikajaribu kuziba kwa fimbo ya kujazia, tundu likawa mdomo wa kikombe. Mteja akafika saa tisa na nusu.

Leteni ya kwenu. Na dogo tumshauri nini?

KinyoziWaChuma: Saa tisa na nusu 😂😂 Wateja wa hivyo hawachelewagi.

MamaCheche: Aangalie mashine iko AC, umeme wa kwenda na kurudi. Alminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, utando wake unataka zaidi ya 2,000. AC ndiyo inauvunja. Asugue kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, apanguse kwa asetoni, aache ikauke kabisa. Mimi brashi ya kuazima iliniharibia mabati matatu.

Pwani1: Ampea 40 kwa mili moja, basi. Mengine siasa.

SindanoButu: 40 utakesha. Piga 60 upite haraka. Ukizubaa joto linasambaa, bati lote linapinda.

MamaCheche: Haraka, na pedeli ya kupunguza moto kwa mguu hana? Unamfundisha mtoto kukimbia kwenye utelezi.

SindanoButu: Dada, nimechomelea Doha miaka minne, sikusoma kwenye makaratasi.

MamaCheche: Nani kasema mimi nimesoma?

NahodhaMstaafu: Mmenikumbusha tangi la petroli la boti, Mombasa. Ufa mwembamba kama unywele. Mwenyewe akaapa limekaa kavu miezi. Nikaliosha kwa sabuni mara mbili, nikalianika kutwa, nikanusa: hamna kitu. Nikasahau zile kuta za ndani za kuzuia petroli isiyumbe, mvuke ulijificha huko. Nilipogusa moto, wallahi sikusikia hata mlio. Nilijikuta nimekaa kwenye ndoo ya mchanga, kofia iko kule, na muuza mihogo wa jirani anapiga ukelele, "Amekufa! Amekufa!" Nyusi zilirudi. Sikio la kushoto mpaka leo lina mbu ndani.

Pwani1: Yalaa! Pole sana mzee wangu.

KinyoziWaChuma: Mwenye boti alikulipa?

NahodhaMstaafu: Alidai tangi lake.

Mgeni_Tu: Tangi lilipuke na wewe ubaki na nyusi tu za kusimulia? Chai hii, leta na vitafunwa.

NahodhaMstaafu: Lilifunguka palepale kwenye ufa, upande wa pili wangu. Njoo nikuonyeshe sikio.

SindanoButu: Ungejaza maji mpaka karibu na ufa.

MamaCheche: Ungepitisha gesi ya agoni, isiyowaka, ndani muda mrefu.

Pwani1: Ungemrudishia tangi lake.

MtoboaBati: Jamani, dogo na tundu lake?

KinyoziWaChuma: Abane kipande cha shaba nyekundu nyuma ya bati, kinanyonya joto. Ajifunzie kwenye makopo ya soda.

MamaCheche: Kopo la soda lina kama mili 0.1. Unataka aache kazi?

MtoboaBati: Nimerudi kwake leo. AC iko sawa, brashi mpya. Sindano ya tangisteni nyeusi kama mkaa. Kutazama mtungi: badala ya agoni tupu, ni ule wa mchanganyiko wenye kaboni daioksaidi, wa mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya! Aliyeufunga ni bosi wake.

SindanoButu: Nilijua ni gesi.

MamaCheche: Ulisema apite haraka.