Tupeane uzoefu: kadi iliyokutia hasara mpaka leo ukiikumbuka unaguna

Konanne
Wakuu, habari. Jana natafuta chaja kwenye droo, mkono ukagusa plastiki ngumu. Kuitoa, kumbe ni Blastoise yangu, kadi ya Pokémon ya kwanza niliyonunua kwa nia ya kuuza na siyo kucheza. Imepinda kama kigae. Nimeilaza mezani, ncha mbili zinagusa meza, katikati unapitisha kalamu. Nimekaa naitazama tu, chaja nikaisahau.

Niliinunua 2020, watu wamefungiwa ndani, kila mmoja ghafla kakumbuka utoto wake na bei zinapanda asubuhi na jioni. Ikafika mara tatu ya niliyolipa. Nikaambiwa uza. Nikasema mara tatu kitu gani, ngoja ifike tano. Hiyo tano sikuambiwa na mtu, niliitoa kichwani mwangu. Basi ikaanza kushuka, nikasema itageuka. Ikashuka tena, nikasema sasa ndiyo itageuka. Mwisho nikaitia kwenye droo ili nisiione.

Leteni na zenu. Faida tunasimuliana kila siku, leo nataka hasara tu.

Bi Slivu
Wewe ulisubiri mara tano? Mimi nilisubiri mara kumi. Naomba niishie hapo.

mchuuzi_wa_holo
Kupinda kusikutishe mkuu. Foili, lile tabaka la kung'aa, hainywi unyevu, karatasi inakunywa. Upande mmoja unavimba, mwingine umetulia, lazima kadi ijikunje. Ifungie ndani ya boksi na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu, juu yake weka kitabu kizito, wiki mbili.

samaki_mkavu
Kitabu kizito msimshauri mtu bila kumwambia aivalishe slivu (mfuko wa plastiki) kwanza. Mimi niliilaza yangu chini ya kamusi ikiwa uchi. Ilinyooka vizuri sana. Na mstari wa ukingo wa jalada umepita katikati ya uso wa Gyarados mpaka kesho.

mtoza_ada
Kilichoniua mimi ni gredi, kupeleka kadi kwa kampuni izipe alama, ya juu kabisa kumi.

Mapema 2021 nilichagua kadi arobaini na mbili, zote kwa macho yangu ni kumi kwa kumi. Nikalipa ada ya kila kadi, nikalipa usafiri, nikalipa bima. Mzigo ukakaa huko zaidi ya mwaka. Siku uliporudi nilikata gundi ya boksi polepole kama napasua mgonjwa. Ya kwanza, nane. Ya pili, nane. Ya tatu, saba. Nikaanza kuzitoa haraka haraka, kama vile haraka ingebadilisha namba. Kumi zilipatikana mbili tu, na zote ni kadi ambazo hata bure watu wanakuuliza kwanza.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia ile niliyoiamini kuliko zote. Mbele safi, katikati imekaa sawa, uso hauna mkwaruzo. Nikaigeuza. Nyuma, kona ya chini kushoto, ule ukingo wa buluu una nukta nyeupe, ndogo kama chembe ya chumvi. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Miezi yote niliyokaa na ile kadi nilikuwa naitazama uso, mgongo sikuwahi kuukagua kwenye mwanga. Ada peke yake ilizidi bei ya nusu ya kadi zenyewe, na nilipotaka kuziuza soko lilishapoa.

mchuuzi_wa_holo
Ule mwaka foleni ilikuwa dunia nzima. Hata PSA, kampuni kubwa ya gredi, Machi 2021 walisimamisha huduma zao nyingi, kadi zilikuwa zimewafika shingoni. Ila kutogeuza mgongo hiyo ni juu yako.

mtoza_ada
Ndiyo maana nimesema *kilichoniua*. Sijasema aliyeniua.

lotusi_nne
23 Septemba 2024. Wanaocheza Commander, ule mtindo wa Magic: The Gathering wenye kamanda, hawahitaji maelezo zaidi.

Kwa wengine: muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimenunua kadi nne za Jeweled Lotus kwa jamaa mmoja aliyesema ana shida ya haraka. Nikamshusha bei, nikajiona mjanja, usiku nikalala usingizi mzuri. Siku chache baadaye simu haitulii, kundi zima wanaandika herufi kubwa. Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, marufuku zote kwa mkupuo. Crypt angalau ina mtindo mwingine wa kuchezwa. Jeweled Lotus mana yake (nguvu ya kulipia kadi) inamtoa kamanda tu, ile kadi kuu ya mchezaji, na mchezo wenye kamanda ndiyo huo ulioipiga marufuku. Nilibaki na picha nne za ua.

Yule jamaa sijui shida yake iliisha vipi. Yangu ndiyo ilianza.

Bi Slivu
Nimecheka halafu nikaona haya. Pole sana.

mzee_wa_chronicles
Pole kijana, lakini huo haukuwa uwekezaji. Kadi inayobebwa na kanuni ya mchezo inaangushwa na kanuni ya mchezo. Nunua kadi za Reserved List ukalale. 1995 wenye Magic walichapa seti ya Chronicles, kadi za zamani zikamwagika sokoni upya, wakusanyaji wakapiga kelele, 1996 ikatoka orodha ya kadi ambazo hazitachapwa tena. Ahadi hiyo imesimama mpaka leo.

Bi Slivu
Imesimama? Na lile toleo la miaka 30 la mwaka 2022, pakiti nne kwa dola 999, ndani yake Black Lotus, kadi ya orodha hiyo hiyo, ile ilikuwa nini?

mzee_wa_chronicles
Mgongo wake tofauti, mashindanoni haikubaliki. Siyo kadi ile.

Bi Slivu
Kwa hiyo ahadi imevunjwa kwa mgongo.

mzee_wa_chronicles
Binti, hizi kadi nimeanza kuzishika wewe hujui hata kusoma.

Bi Slivu
Nina miaka 48. Shikamoo yangu itafute kwingine.

Konanne
Jamani, hasara. Mada ni hasara.

pakiti_mojamoja
Basi yangu fupi. Nilinunua pakiti kumi za zamani, moja moja, kila moja kwa muuzaji wake ili nisipigwe na mmoja. Nikazifungua zote kumi, holo, zile kadi za kung'aa, sifuri. Baadaye ndiyo naambiwa pakiti za zamani zenye holo huwa nzito kidogo, mwenye mzani mdogo wa vito anazipima, nzito anabaki nazo, nyepesi anauza. Nilikusanya makapi ya watu kumi tofauti.

samaki_mkavu
Angalau zilikuwa pakiti kweli. Logan Paul, yule wa YouTube, alitoa dola milioni 3.5 kwa mzigo wa maboksi ya Pokémon ya toleo la kwanza, Januari 2022 akafungua mbele ya kamera, ndani kuna kadi za G.I. Joe.

pakiti_mojamoja
Yeye ana kamera. Mimi nilikuwa na mke wangu tu amesimama mlangoni.

kadi_ya_mdogo
Mada hii imenikuta vibaya. Sijawahi kuisimulia hii.

Mdogo wangu alipoenda kusoma mbali aliniachia albamu yake. "Kaka, nitunzie." Maneno mawili. Mle ndani, ukurasa wa tatu, mfuko wa katikati, kulikuwa na Charizard, lile joka, ya Base Set (seti ya kwanza ya Pokémon), 4/102, ya 1999. Mwisho wa 2019 biashara yangu ilikwama, nimefunga hela kwenye mzigo usiotoka. Nikapiga hesabu ya kitapeli ambayo kichwani ilikuwa ya halali kabisa: nauza hii leo, nakomboa mzigo, mwezi ujao nanunua Charizard nyingine ile ile, naichomeka pale pale, nani atajua?

Na nilikuwa makini, msidhani. Niliangalia chini kushoto ya picha kama kuna muhuri wa toleo la kwanza. Haupo. Nikasema basi ni ya kawaida, nikaiwekea bei ya kawaida.

Mnunuzi akaja na mwenzake. Akaitoa, akaiinamisha kwenye mwanga, akairudisha wima. Sasa mimi nimeuza kadi miaka, nawajua wanunuzi. Wote hulalamika. Kona hii imechoka, hapa pana mkwaruzo, hii siyo katikati, ili mradi ushushe. Huyu hakusema neno. Alihesabu hela yote niliyotaja akanipa. Halafu akatoa slivu yake, na wakati wa kuichomeka mkono ukawa unamtetemeka. Kadi ikakosa mdomo wa slivu mara mbili. Mwenzake anaangalia dari.

Niliuona ule mtetemeko wakuu. Niliuona kabisa. Nikajiambia ni mapenzi ya kadi.

Niishie hapa kidogo, nitarudi.

pakiti_mojamoja
NITARUDI???

lotusi_nne
Ua langu limesahaulika sasa hivi. Mkuu rudi.

mchuuzi_wa_holo
Wakati tunamsubiri: tazameni Base Set zenu. Upande wa kulia wa fremu ya picha, chapa nyingi zina kivuli, kama fremu imeinuliwa kidogo. Za mwanzo hazina, na maandishi ya HP (namba ya uhai) ni membamba. Kuna zisizo na muhuri na zisizo na kivuli vilevile. Hizo hapo katikati ndizo zinazowapita watu. Nahisi najua alichokishika yule bwana.

samaki_mkavu
Yangu ina kivuli nusu.

mchuuzi_wa_holo
Hilo ni jasho la kidole chako.

mtoza_ada
Huyo mnunuzi ni mwizi tu. Unajua kitu thamani yake, mwenzako hajui, unanyamaza unachukua?

mzee_wa_chronicles
Wizi uko wapi? Bei katamka muuzaji. Miaka ya kujifunza kutofautisha chapa nani alimlipa yule bwana? Kujua ndiyo mtaji wa kazi hii.

Bi Slivu
Mzee angeuziwa yeye Lotus feki tungesikia hotuba nyingine.

mzee_wa_chronicles
Siuziwi feki. Nina kioo. Ile duara ya kijani mgongoni ina vidoa vyekundu vinne vimekaa kama L, vikikosekana nasimama naondoka.

lotusi_nne
Mimi nasema ukiona mnunuzi halalamiki, wewe ndiye ulalamike. Vuta kadi, sema umekumbuka ni ya mgonjwa.

mtoza_ada
Na ukimfanyia hivyo mnunuzi mwaminifu ambaye hapendi tu kubishana bei? Umempoteza maisha yote.

lotusi_nne
Nimeshapoteza vingi.

kadi_ya_mdogo
Nimerudi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mwezi uliofuata hela haikutimia. Miezi ikaenda, ikaingia 2020, mnajua kilichotokea. Nilikuja kununua Charizard nyingine kwa bei kubwa kuliko niliyouzia ile, tena yenye kona zilizochoka, nikaichomeka ukurasa wa tatu, mfuko wa katikati. Nikapumua.

Mdogo wangu akarudi. Kala, kalala, asubuhi kachukua albamu. Anafunua taratibu, mimi najifanya nasoma simu. Akafika ukurasa wa tatu akasimama. Hakuitoa. Akainama tu, pua karibu na plastiki, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kaka, hii ilipata kivuli lini?"

Alijua tangu yuko mdogo. Sisi wengine tulikuwa tunaona joka, yeye alikuwa anaona fremu. Nikamweleza yote, mpaka mkono wa yule bwana. Akanisikiliza. Halafu akaniambia ile kadi aliipata kwa kubadilishana na baiskeli yetu. Ile iliyoibiwa.

Ile "iliyoibiwa" ndiyo niliyochapwa mimi kwa kuiacha nje bila kufuli.

Bi Slivu
HAPANA.

pakiti_mojamoja
Subiri kwanza. Baiskeli ilikuwa yenu wote wawili?

kadi_ya_mdogo
Ndiyo. Tulikuwa tunaendesha kwa zamu.

pakiti_mojamoja
Basi nusu ya Charizard ilikuwa yako. Umeuza nusu yako.

mtoza_ada
Kaiuza nzima kwa bei ya robo. Na ya mdogo wake nusu ilikuwemo humo. Anadaiwa.

lotusi_nne
Kwenye deni toa fimbo alizochapwa.

mzee_wa_chronicles
Fimbo haina bei ya soko. Mdogo ndiye mfanyabiashara hapo: baiskeli kuukuu kwa Charizard isiyo na kivuli, na lawama kampa mwingine. Huyo ningempa mtaji wangu.

Bi Slivu
Leo tumekubaliana, mzee. Usizoee.

samaki_mkavu
Mnaongea sasa hivi?

kadi_ya_mdogo
Tunaongea. Ila albamu kaondoka nayo. Ile yenye kivuli kaiacha mezani, ndiyo ninayo mpaka leo, siwezi kuiuza na siwezi kuitazama.

mchuuzi_wa_holo
Kona zimechoka kiasi gani?

Bi Slivu
Wewe huna hata aibu.

mchuuzi_wa_holo
Nauliza tu. Na wewe Konanne, ile Blastoise. Angalia kulia kwa fremu.

Konanne
Nimeshaangalia tangu mliposema. Ina kivuli kama kawaida.

mchuuzi_wa_holo
Hata hivyo, ilivyopinda hivyo hivyo nakupa ulichonunulia. Leo.

Konanne
Ngoja kwanza ifike mara mbili.