Tozo ya wakulima kwa utafiti wa ngano na shayiri: je, yaweza kutufaa?

Mwokaji wa Majengo

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwokaji hapa Majengo, na unga ninaoukanda kila alfajiri kwa mahamri na mikate ya boflo hutokana kwa sehemu kubwa na ngano inayoletwa na meli bandarini kwetu. Shemeji yangu, hata hivyo, hulima ngano Narok, na nilipomtembelea msimu uliopita nilikuta shamba limeingiliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano. Nilipitisha kidole kwenye bua kikatoka na vumbi la rangi ya matofali, sawasawa na ukigusa bati kuukuu lililoliwa na hewa ya bahari. Masuke yalikuwa yamesimama vizuri, lakini nilipoyapukusa kiganjani, punje zilikuwa zimesinyaa. Mbegu hiyo aliuziwa kwa ahadi kwamba inastahimili ugonjwa huo. Nasikia kwamba katika nchi nyingine wakulima wenyewe huchangia utafiti wa mbegu. Mchango huo hukusanywaje, na nani huamua utumikeje?

Mstaafu wa Likoni

Waaleikum salaam, ndugu Mwokaji. Pole kwa hasara iliyompata shemeji yako. Mfano ninaoufahamu vizuri zaidi ni wa Australia, ambako shirika la utafiti wa nafaka, GRDC, lilianzishwa mwaka 1990. Mkulima anapouza ngano au shayiri, mnunuzi humkata asilimia 0.99 ya thamani ya mauzo, na serikali huongeza fungu lake hadi asilimia 0.5 ya thamani ya mazao yote ya nafaka nchini. Kwa kukisia tu, gunia likiuzwa kwa shilingi 5,000, mkulima angeacha chini kidogo ya shilingi 50. Peke yake, fedha hiyo haimlipi mtafiti hata kwa saa moja, lakini ikijumlishwa kwa magunia ya nchi nzima huajiri wazalishaji wa mbegu kwa miaka mingi mfululizo, na hiyo miaka ndiyo kiini cha jambo, kwa sababu aina mpya ya ngano huchukua takribani miaka kumi tangu kuchavushwa hadi kumfikia mkulima.

Kuhusu ahadi aliyopewa shemeji yako, huenda muuzaji hakudanganya. Aina ya kutu iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, nayo ilikuwa imeishinda Sr31, jeni ya ukinzani iliyotegemewa na ngano ya sehemu kubwa ya dunia. Tangu mwaka 2005, kituo cha utafiti wa kilimo cha Njoro, hapa Kenya, kimekuwa kikipima maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu hiyo. Hata hivyo, ngano yetu ya Robin, iliyosifiwa kwa ukinzani wake, ilishindwa na kizazi kipya cha kutu kilichogunduliwa mwaka 2014. Ugonjwa haupumziki, kwa hiyo utafiti unaotegemea msaada wa miaka mitatu au minne hukatika pale hasa unapohitajika.

Binti wa Kisauni

Mzee wangu, nakubaliana nawe, ila naomba tulitazame swali la pili la ndugu Mwokaji, maana ndilo zito: nani huamua? Angalieni shayiri yetu. Sehemu kubwa hulimwa kwa mkataba na watengenezaji wa pombe, nao hutaka punje yenye protini kidogo inayofaa kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutengenezea pombe. Mkulima akizidisha mbolea ya naitrojeni, protini hupanda na mzigo wake hukataliwa. Anayelipia mbegu ndiye anayechagua sifa zake, na sioni ubaya katika hilo, lakini mfugaji anayetaka shayiri ya kulisha ng'ombe hana wa kumsemea.

Ndiyo maana naona tozo bila kura ni ushuru mwingine tu. Katika majimbo ya nyanda za Kanada, mkulima wa ngano anaweza kuomba arudishiwe mchango wake. Nchini Uingereza, wakulima wa viazi na wa mboga walipiga kura mwaka 2021 kuikataa tozo yao, na ikafutwa. Sisi nasi tumewahi kuwa na utaratibu wa namna hii: taasisi ya utafiti wa kahawa iliyogharimiwa na makato ya wakulima ndiyo iliyotoa Ruiru 11 mwaka 1985, aina ya kahawa yenye ukinzani dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani.

Mwokaji wa Majengo

Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Shemeji tayari hukatwa ushuru wa kaunti kila lori linapotoka shambani, na hajawahi kuelezwa fedha hiyo inakwenda wapi, kwa hiyo neno la kurudishiwa mchango ndilo nitakaloanza nalo nikizungumza naye. Ana mkutano wa chama chao cha ushirika mwezi ujao, naye atataka kujua jambo moja zaidi: wakulima wadogo wanaouza magunia kwa madalali, bila risiti, watahesabiwaje katika kura hiyo?