Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanaona aibu kuongea na wenzao wa Chicago

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili sekondari, huku Iringa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaongea kwa video na vijana wa Chicago wanaojifunza Kiswahili: sisi saa 10 jioni, wao saa 2 asubuhi. Novemba Marekani waliporudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, tuliwasubiri tukikodolea simu saa nzima, bando langu likayeyuka bure. Hilo nimeshajifunza.

Kinachonisumbua ni aibu. Watoto 40, simu moja, waongeaji walewale wawili. Juzi binti mmoja aliulizwa tu amekula nini mchana, akanirudishia simu akakimbilia nyuma ya madawati. Na swali lilikuwa la Kiswahili!

Niachane na video, warekodi sauti na kuzituma WhatsApp? Aliyewahi kujaribu anieleze alivyowagawa.