Misalaba miwili upande wa kusini: upi ndio wenyewe?

mlinzi_uyole: Wakuu habari za usiku. Nalinda ghala la mazao hapa Uyole, Mbeya. Mwezi huu wa Juni mbingu ni nyeupe kabisa, hakuna wingu, nikaona nijifunze makundinyota. Nimekwama. Nikitazama kusini kama saa mbili usiku naona misalaba miwili: mmoja umesimama wima, mwingine uko kulia, chini kidogo, mkubwa zaidi ila umefifia. Msalaba wa Kusini ni upi? Halafu kitabu nilichoazima kinasema nianze na Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta hadi alfajiri, haipo. Au mpaka ninunue darubini?

mkulima_makete: Kaka pole na lindo. Huo uliosimama wima ndio wenyewe. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Ule wa uongo hauna hizo. Kati ya hizo mbili, iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Centauri, jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote zinazoonekana kwa macho matupu ukiacha Jua, na bado nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4 ndipo ikufikie hapo getini. Mimi hilo sijawahi kulizoea.

Nyota ya Kaskazini achana nayo, kitabu hicho kiliandikiwa watu wa kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota ile haichomozi kwetu hata ukipanda Mlima Rungwe. Sisi tuna ncha ya kusini ya anga. Kuipata, pima urefu wa Msalaba toka nyota ya juu hadi ya chini, kisha kutoka hiyo ya chini endelea kushuka mara nne na nusu ya urefu huo. Ukinyoosha mkono na kuweka ngumi juu ya upeo wa macho, ncha inaangukia karibu na ukingo wa juu wa ngumi. Hakuna nyota kali pale, lakini anga lote la kusini linazunguka hapo. Wewe unayekesha una bahati: tazama Msalaba saa mbili, utazame tena saa sita, utaukuta umelala kulia.

Darubini baadaye. Kaa mbali na taa karibu nusu saa macho yazoee giza, na tochi ifunge kitambaa chekundu.

dada_mafinga: Naongezea kundinyota la Nge. Agosti saa mbili usiku yuko karibu na utosi, mkia umejikunja, na kifuani ana nyota nyekundu, Antares. Chagua usiku usio na mbalamwezi. Ila usingoje Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa unaharibu kila kitu huku kwetu.

mlinzi_uyole: Asanteni sana. Nimesogea nyuma ya ukuta, taa ya ghala isinipige machoni, na zile mbili nimeziona! Saa sita Msalaba umelala kweli. Kilimia je? Bibi alikuwa anakitaja sana msimu wa kulima.

mkulima_makete: Kilimia kinarudi sasa hivi. Mwisho wa mwezi huu, saa kumi na moja alfajiri, tazama mashariki ukielekea kaskazini kidogo, chini kabisa. Ni kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Kama miti inakuziba, subiri Julai, kitakuwa kimepanda.