Aliyekatisha njia kwenye nusu marathoni arudishe medali au yaishe?

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili, maana imeigawa klabu yetu ya jogingi hapa Dar.

Mwaka huu tulikwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, tukakimbia nusu, kilomita 21.1. Wanaoijua ile njia wanajua kazi iko wapi: kupandisha kuelekea Mweka. Mwenzetu mmoja aligeuza kabla ya kufika juu, akaungana na wanaoshuka, akamaliza, akavishwa medali. Alituambia mwenyewe wiki mbili baadaye, tukiwa tunanyoosha misuli baada ya mazoezi. Kuna wanaosema yaishe: hajamnyang'anya mtu zawadi, kiingilio kalipa, na sisi ni watu wazima tunaotafuta afya tu.

Namheshimu kwa kukiri. Ila nasema airudishe.

Mwaka 2018 kwenye nusu marathoni ya Shenzhen, China, walinaswa wakimbiaji 258, wengi wao kwa kukatisha njia, kamera za barabarani zikiwaona. Sisi Jumamosi alfajiri hatuna kamera. Tuna neno letu tu, na kocha anapanga mazoezi kwa kulifuata neno hilo.

Haya nayajua kwa maumivu. Kwenye daftari langu kuna Jumamosi moja imeandikwa kilomita 18. Nilikimbia 14, nikachoka, nikapanda bodaboda hadi nyumbani na saa ya mkononi inaendelea kuhesabu. Ningeweza kufuta. Nikaituma hivyo hivyo kwenye grupu, nikapongezwa. Kocha akaamini, wiki iliyofuata akanipa 20. Kwenye ya 16 msuli wa nyuma ya mguu ukakaza kama kamba, nikakaa nje wiki sita. Kocha wa watu akawa anajilaumu kwamba kanizidishia! Ilinichukua mwezi kumwambia ukweli.

Wapo wanaosema tatizo ni huku kutumiana kilomita kila siku, ndiko kunakozaa uongo. Hapo nakubali kwa sehemu. Hata mimi bila zile pongezi pengine ningefuta. Lakini Mweka hakukuwa na grupu, alikuwa yeye na mlima.

Medali ameitundika sebuleni. Mwanawe wa miaka saba anaonyesha wageni, anawaambia baba alipanda mlima wote.

Ingekuwa klabu yenu, mngemwambia nini?