Mjadala: Tathmini ya mazingira ya barabara za Kigoma Ujiji iishie ukingoni mwa lami, au iyafuate maji mpaka ziwani?

Mleta mada

Ndugu zangu wa Kigoma Ujiji, na wote mnaoufahamu mji huu wa mwisho wa reli, naomba tujadili jambo ambalo hupita kimyakimya kila barabara ya mtaa inapotangazwa kukarabatiwa, kwa sababu wakati huo wengi wetu tunakuwa tumekwisha kuchoshwa na vumbi na tunachongoja ni lami tu. Swali langu ni hili: tathmini ya athari kwa mazingira inayofanywa kabla ya ukarabati wa barabara ya mjini iishie wapi? Iishie ndani ya hifadhi ya barabara, yaani mita chache kulia na kushoto, au iyafuate maji ya mvua kutoka mtaroni mpaka yanakoishia, ambako kwa mji wetu ni Ziwa Tanganyika? Mimi nashikilia hilo la pili, na anayeona nimekosea asisite kunipinga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi unaohitaji tathmini aifanye kwa gharama zake kabla kazi haijaanza, na kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaipanga miradi katika makundi kulingana na uzito wa athari zinazotarajiwa. Hapo ndipo neno "ukarabati" linapotupumbaza. Ikisemwa kwamba inajengwa barabara mpya, kila mtu huuliza itapita wapi na itavunja nini; ikisemwa inakarabatiwa, tunajijibu wenyewe kwamba barabara ipo, watu wapo, hakuna msitu wa kukatwa wala mnyama wa kuhamishwa. Matokeo yake, athari zinazosomwa mbele ya wananchi huwa zile zile: vumbi, kelele za mitambo, ajali kwenye njia za mchepuko, vibanda vitakavyosogezwa, miti itakayoondolewa, na maambukizi ya Ukimwi yanayohofiwa kambi ya wafanyakazi inapowekwa. Sizidharau, maana zote ni za kweli, lakini nyingi kati ya hizo huisha siku mkandarasi anapopakia greda lake na kuondoka, ilhali njia mpya ya maji aliyoifungua inabaki ikifanya kazi yake kila masika kwa miaka ishirini ijayo.

Tupige hesabu ndogo. Barabara ya lami yenye upana wa mita 7 na urefu wa kilomita moja, ikinyeshewa mvua ya milimita 50, inapokea lita 350,000 za maji, sawa na maboza 35 ya lita elfu kumi kumi, na karibu yote yatateremka mtaroni kwa kuwa lami hainywi maji. Hayo ni ya barabara peke yake, kabla hujajumlisha mabati ya nyumba na nyua zilizosakafiwa zinazoelekeza maji yake huko huko. Mji wetu nao umekaa juu ya vilima: kutoka Mwanga au Gungu kushuka ufukweni maji hayahitaji kusukumwa na mtu. Yaliyokuwa yakitawanyika zamani kwenye vichochoro kumi, yakidhoofika kila yanapokuta nyasi na migomba, sasa yanakusanywa na mtaro mmoja wa zege na kutapikwa mahali pamoja. Mtaro huo mara nyingi unaishia pale mpaka wa mradi unapoishia, juu ya mteremko wa udongo mtupu, na hapo ndipo korongo linapozaliwa.

Kuna jambo nililolitambua baada ya kuhudhuria mikutano ya aina hii zaidi ya mara moja, nami naliona kuwa ndiyo kiini cha mada hii. Mhandisi hupiga hesabu ya maji yanayoijia barabara, kwa kuwa akikosea kalavati litasombwa na kazi yake itaonekana mbovu. Maji yanayoiacha barabara hayana mwenye kuyapigia hesabu. Mtaalamu wa mazingira, ambaye ndiye angepaswa kuyauliza, naye amepewa ramani iliyokatwa kwenye mstari wa hifadhi ya barabara, na katika mkutano mmoja nilipouliza mtaro utamwaga wapi, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba hapo ni nje ya eneo la mradi.

Nje ya eneo la mradi ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, upande wa Kongo, na ambalo sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke. Kinachoingia humo, isipokuwa maji, kwa sehemu kubwa kinabaki humo. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani; wengi wao huishi kwenye mawe ya ukanda wa pwani, wakila mwani unaoota juu ya mawe hayo na kuzalia katika mianya yake. Tope likitanda juu ya jiwe, mwani hukosa mwanga na mianya huziba. Mradi wa bioanuwai ulioendeshwa na nchi nne za ziwa hili kati ya mwaka 1995 na 2000 uliutaja udongo unaosombwa kutoka nchi kavu kuwa mmoja wa vitisho vikubwa, na mkataba wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 una kipengele chake cha kuzuia jambo hilo hilo. Tena sheria yetu ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwananchi akijenga kibanda cha kuanikia nyavu humo ataandikiwa notisi. Mtaro unaoanzia kilimani na kumwaga tope katika mita hizo hizo 60 unahesabiwa kuwa maendeleo.

Kuhusu miti nitasema kwa kifupi, kwa sababu mada hiyo inajulikana. Miembe mikubwa ya Ujiji hukatwa kwa ahadi kwamba itapandwa mingine, na ahadi yenyewe huhesabiwa kwa idadi ya miche, si kwa ukubwa wa kivuli. Mwembe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa, na inayoonyeshwa pale leo inaelezwa kuwa ni uzao wake.

Mchangiaji wa kwanza, fundi sanifu wa barabara

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umeruka hatua moja ambayo inabadilisha hesabu yako yote. Unalinganisha barabara ya lami na ardhi yenye nyasi, wakati tunachokikarabati si nyasi, ni barabara ya udongo iliyokwisha kuchimbika. Barabara ya udongo kwenye mteremko ndiyo inayolisha ziwa tope kuliko kitu kingine chochote mjini, kwa maana kila mvua inachukua tabaka, kila baada ya masika greda linakuja kuchimbua tabaka jingine, na mvua inayofuata inalichukua hilo nalo. Kifusi tunachokijaza kila mwaka kinakwenda wapi, kama si huko huko ziwani? Lami na mtaro wa zege vinasimamisha jambo hilo siku ile ile vinapokamilika. Ukitaka kulitetea ziwa, basi uwe wa kwanza kuidai lami.

Pili, kukinga mdomo wa mtaro usichimbwe na maji ni jambo la kawaida katika usanifu wa barabara: kuna ngazi za mawe za kuvunja kasi, kuna makasha ya mawe yaliyofungwa kwa waya. Visipowekwa, mara nyingi si kwa kutojua. Hifadhi ya barabara ni mali yetu, lakini mita moja nje yake ni kiwanja cha mtu. Ili mtaro ufike ziwani kwa usalama nitahitaji ukanda unaopita katika viwanja vya watu, na kila kiwanja kina fidia yake, na fidia inatakiwa ilipwe kabla sijagusa jiwe. Fedha ni ile ile. Kilomita tano zitakuwa nne, na mtaa utakaokosa lami utakuja kuniuliza mimi, hautamwuliza samaki wa kwenye mawe.

Jambo la mwisho, ambalo wenzangu hawapendi nilitamke: mitaro inajaa takataka. Mtaro ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, taka zilizomo zinatoka majumbani na sokoni na kuzizoa ni kazi ya manispaa, na mvua ya kwanza ya Novemba haisubiri wakubaliane. Hata usanifu mzuri kiasi gani, mtaro uliozibwa na mifuko na chupa utamwaga maji barabarani na kuanzisha korongo mahali ambapo hakuna ramani iliyotabiri.

Mchangiaji wa pili, mwanika dagaa, Kibirizi

Kaka zangu, nimesoma yote mawili. Sisi wanaoanika dagaa vumbi la barabara tunaliuza pamoja na dagaa, na mnunuzi anayetoka mbali akilisikia mchanga mdomoni harudi. Kwa hiyo msinicheleweshee lami kwa ajili ya makaratasi. Lakini pia msiniambie kwamba maji si tatizo, maana mvua kubwa ikinyesha yanashuka na kupita katikati ya vichanja vyetu, yakiwa na mafuta ya gereji na vyoo vilivyofurika.

Isipokuwa ninalo swali kwa mleta mada. Miaka hii ziwa lenyewe limepanda. Kuanzia mwaka 2020 tumeliona likimeza fukwe, likizingira nyumba na kutufukuza tulikokuwa tukianika. Ikiwa ziwa limekuja juu lenyewe, mtajuaje lipi limeletwa na mtaro na lipi limeletwa na ziwa?

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu fundi, katika hoja ya kwanza umenishinda na ninaikubali: tope linalotoka juu ya barabara yenyewe hupungua sana ikipigwa lami, na niliandika kama vile tulichokuwa nacho kabla yake ni bustani. Kinachobaki cha hoja yangu ni chembamba zaidi, ila nadhani ni kigumu zaidi pia. Barabara ya udongo inaharibu kidogo kidogo katika urefu wake wote, na uharibifu wake unaonekana kila siku na unalalamikiwa. Barabara ya lami inauhamisha uharibifu kutoka kwenye barabara na kuukusanya mahali pachache, chini ya mteremko, kwa watu ambao hawakuitwa kwenye mkutano kwa sababu hawapakani na barabara. Tathmini inayoishia ukingoni mwa lami itaona faida yote na hasara isiione, nayo haitakuwa imesema uongo wowote.

Kuhusu fidia, naomba tuitazame upande wa pili. Mtu ambaye kiwanja chake kimegeuka korongo baada ya miaka mitatu ameshatoa ardhi yake kwa ajili ya barabara. Tofauti ni kwamba hakuna mthamini aliyekuja kumpimia. Gharama haikuepukwa, imelipwa na mmoja wetu kimya kimya, na kwa kawaida ni yule aliyejenga bondeni kwa sababu kiwanja cha juu hakukimudu. Ikiwa kuihesabu gharama hiyo kutazifanya kilomita tano ziwe nne, basi tujue tangu mwanzo kwamba fedha zilikuwa za kilomita nne. Sidai mtaro wa zege wa kila barabara mpaka majini. Mahali pengine inatosha kuyagawa maji katika midomo mitatu badala ya mmoja, mahali pengine bwawa dogo la kutuamisha tope kabla halijafika ufukweni, na mahali pengine kuacha kipande cha magugu kisijengwe. Hayo yataingia kwenye zabuni na kuwekewa bei endapo tu tathmini imeyataja kabla ya mkandarasi kupatikana. Yakitajwa baadaye yanakuwa ombi la hisani.

Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa miji ya kimkakati iliyopata barabara kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, na sasa tumo katika TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji wenye miji 45, kwa hiyo hatuongei mambo ya kufikirika. Zipo barabara zilizokwisha kukamilika na kunyeshewa masika mengi. Kabla ya kuandika tathmini ya barabara ijayo, mtaalamu angeweza kutembea kwa siku mbili tu kutoka kila mdomo wa mtaro wa barabara zile mpaka ufukweni, apime kina cha korongo alilolikuta, na aulize lilianza lini.

Dada yangu wa Kibirizi, swali lako ni zito kuliko ya kwetu. Ziwa kupanda hakuufuti mtaro, kunauongezea ubaya: mdomo uliosanifiwa ukiwa juu ya maji ukizamishwa na ziwa, maji ya mtaroni hupoteza kasi pale pale, tope hutua ndani ya mtaro badala ya kwenda mbele, na mvua inayofuata hurudi nyuma na kuingia kwenye vichanja. Nyinyi mnaoanika hapo mnajua alama ambazo maji yalifikia mwaka 2020 na miaka iliyofuata, nyumba kwa nyumba na mti kwa mti, na ninaamini mnaweza kutofautisha maji yaliyotoka ziwani na yaliyoshuka kilimani, kwa sababu ya kwanza hupanda polepole na huwa maangavu, na ya pili huja kwa saa moja yakiwa mekundu.

Ningeomba kila anayeishi chini ya mtaro, kuanzia Katonga mpaka Kibirizi na kule Ujiji kuelekea bonde la Luiche, aandike hapa mtaro wake unamwaga wapi na korongo lake lina kina gani, kabla mvua za Oktoba hazijaanza kulibadilisha.